Mbwa na Mwenyewe

Msomaji wangu, ikiwa kwenu mna mbwa, bila shaka umelala usiku mwingi naye akibweka uani, wala hukumsikia. Sikio la binadamu ndivyo lilivyo: kelele iliyo yake huizoea, na kelele iliyo ya mwenziwe huihesabu moja moja. Wahenga walisema kwamba kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Walisema kweli. Lakini methali hiyo imemtaja mwenye nyumba peke yake. Jirani yake haikumtaja. Leo nataka kukueleza habari za jirani huyo. Mwenye nyumba katika kisa hiki ni mimi, na mlango uliopiga kelele ni mbwa wangu. Sitajipamba, maana kisa kilichopambwa hakimfunzi mtu.

Mbwa huyo nilipewa na rafiki yangu wa Limuru, naye angali mdogo hata akaweza kulala ndani ya kofia. Alikuwa wa rangi ya mchanga, sikio lake moja limesimama na la pili limelala, kana kwamba nusu yake i macho na nusu i usingizini. Nilimwita Simba, kama wengi katika nchi yetu wawaitavyo mbwa wao, hata walio waoga. Nyumbani kwangu Nairobi alikua upesi, akashika kazi ya ulinzi bila ya kufundishwa. Mpita njia akikohoa, alibweka. Paka akiruka ukuta, alibweka. Nami kila alipobweka nilifungua dirisha nikamsifu: "Hodari, Simba!" Sikujua ya kuwa nilikuwa mwalimu, na somo nililolifundisha lilikuwa kelele. Umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi nilimlea kubweka.

Majirani zangu walinyamaza, na kimya chao nilikichukua kuwa ni ridhaa. Baadaye nilikuja kujua kwamba watu wengi huona haya kumwambia mtu neno juu ya mbwa wake, kama waonavyo haya kumwambia neno juu ya mtoto wake. Kwa sababu hiyo mwenye mbwa huwa mtu wa mwisho kuzipata habari zake.

Mwezi wa Agosti mwaka mmoja, shule zilipofungwa, mimi na rafiki zangu wanne tulipatana kwenda kupiga kambi kando ya Ziwa Naivasha, nami niliazimia kwenda na Simba. Ziwa hilo liko katika Bonde la Ufa, mwendo wa kiasi cha kilomita 90 kutoka Nairobi, nalo ni mojawapo ya maziwa machache ya bonde hilo yenye maji yasiyo na chumvi. Karibu nalo umesimama mlima Longonot, na kusini yake iko Mbuga ya Hell's Gate, iliyowekwa mwaka 1984. Katika mbuga za taifa mbwa hawaruhusiwi kuingia, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Basi tulitafuta kambi ya mtu binafsi iliyo nje ya mbuga, inayowapokea watu pamoja na mbwa wao.

Langoni palikuwa na ubao wenye maneno machache. Mbwa afungwe wakati wote. Mbwa asiachwe peke yake. Mwenye mbwa azoe mavi ya mbwa wake. Usiku uwe kimya. Niliusoma ubao huo kama tusomavyo maonyo mengi, yaani kama barua aliyoandikiwa mtu mwingine. Mlinzi wa lango aliniuliza kama nimefahamu. Nikaitikia kwa kichwa, nikapita.

Mahali penyewe palipendeza sana. Migunga mirefu yenye magome ya manjano ilitanda matawi juu ya majani mafupi. Furukombe waliitana juu ya maji. Na baina ya mahema na ziwa palikuwa na uzio wa nyaya za umeme, maana usiku viboko hutoka majini kuja kula majani nchi kavu. Rafiki zangu walipiga mahema yao karibu na jiko. Mimi, kwa ajili ya mbwa, nilipewa nafasi ya pembeni kabisa. Hatua kama ishirini kutoka kwangu palikuwa na hema moja zaidi, la baba, mama, na binti yao wa umri wa miaka tisa hivi.

Mtoto huyo alipomwona Simba alijificha nyuma ya mama yake. Nami nikacheka, nikasema neno lisemwalo na wenye mbwa wote ulimwenguni: "Usiogope, mwanangu, haumi." Tafadhali, msomaji, lipime neno hilo. Aliyelisema alikuwa mimi, wala si mbwa. Mtoto hakunijua mimi, wala hakumjua mbwa. Basi nilimtaka amwamini mgeni mmoja kwa dhamana ya mgeni mwingine. Hakunijibu. Mama yake alinitazama kwa upole, akampeleka mtoto ndani ya hema.

Jua lilipotua, rafiki zangu waliniita kula. Nilimfunga Simba kwa kamba ya katani kwenye mgunga ulio karibu na hema langu, nikamwekea maji, nikaenda zangu. Ilikuwa yapata saa moja ya usiku. Tulichoma nyama, tukaimba, tukasimuliana habari za ujana wetu shuleni. Muda si muda akaanza kubweka mbwa huko gizani. Alibweka akapumzika, akabweka akapumzika, kisha akabweka pasipo kupumzika. Mmoja wa watu waliokuwa wakiota moto pamoja nasi, ambaye hakujua kama nina mbwa, akauliza, "Mbwa wa nani yule?"

Nataka kukuambia kweli. Niliijua sauti ile tangu mbweko wa kwanza. Mtu huijua sauti ya mbwa wake kama aijuavyo sauti ya ndugu yake. Lakini nyama ilikuwa bado motoni, hadithi ilikuwa bado katikati, na giza la kule lilikuwa na baridi. Nikasema, "Labda wa kijijini." Rafiki zangu walinitazama, wakanyamaza. Hivyo ndivyo nilivyomkana mbwa wangu, kwa bei ya mshikaki.

Saa tano nilirudi hemani. Simba alinirukia kwa furaha kubwa, akanilamba mikono, akalia kwa sauti nyembamba. Nilimwamuru anyamaze, nikaingia hemani, nikalala. Kwamba alinyamaza au hakunyamaza sikujua, maana kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Viboko walipotoka ziwani kwa miguno yao, mnyama aliyezaliwa Limuru na kukulia Nairobi alikutana kwa mara ya kwanza na harufu asiyoijua na vishindo asivyovijua. Naye alikuwa peke yake, amefungwa mtini, bwana wake amelala. Mimi nililala usingizi mwema hata karibu na alfajiri.

Kilichoniamsha kilikuwa kimya. Nilifumbua macho nikasikiliza, na moyo wangu ukapiga kwa nguvu kabla sijajua kwa nini. Nikatoka na tochi. Kamba ilikuwa chini ya mgunga, imetafunwa hata ikakatika. Nilimulika huku na huku, nikamwona Simba amesimama mbele ya hema la majirani, akitikisa mkia, pua yake ameigandamiza kwenye mlango wa hema. Hakuwa na nia mbaya. Naamini alikuwa akitafuta mtu wa kukaa naye. Lakini ndani ya hema ilitoka sauti ambayo sitaisahau. Haikuwa kilio, bali pumzi ya mtoto anayejizuia asilie ili asisikiwe.

Nilimkimbilia mbwa nikamkamata ukanda wa shingoni. Wakati huo huo baba akatoka kwa upande wa pili, mkononi ana ukuni. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, kisha akauweka ukuni chini polepole. Hakupaza sauti. Aliniuliza jambo moja tu: "Ndugu yangu, mbwa huyu amechanjwa?"

Swali hilo ni jepesi kwa mtu aliye tayari. Mimi sikuwa tayari. Hati ya chanjo ya Simba nilikuwa nayo nyumbani ndani ya saraka, na muda wake ulikuwa umepita kwa miezi minne. Kila mwezi nilisema nitakwenda kwa daktari wa mifugo mwezi ujao. Ningaliweza kusema "Ndiyo," na neno lingalikwisha. Lakini usiku ule nilikuwa nimekwisha kusema uwongo mmoja, nikaona wa pili utanielemea. Nikasema, "Alichanjwa, bwana, lakini muda wa chanjo umepita."

Alikaa kimya kidogo, kisha akanieleza. Mwaka uliotangulia, binti yake alikuwa akirudi kutoka shule, akaumwa mguu na mbwa wa mtu wa mtaani. Mbwa akakimbia asionekane tena, wala mwenyewe hakujitokeza. Laiti mbwa angalipatikana, angaliangaliwa kwa siku 10 ijulikane kama ana kichaa au hana. Kwa kuwa hakupatikana, ilimpasa mtoto achomwe sindano, na baada ya siku kadhaa nyingine, na nyingine tena, wazazi wake wakingoja kwa hofu. Jeraha la mguu lilipona. La usiku halikupona.

"Tangu magharibi ameketi," akasema yule baba. "Kila mbwa wako alipobweka aliniuliza, 'Baba, kamba yake ni nzima?' Nikamwambia ni nzima, ndiyo maana unamsikia pale pale. Akaridhika na kubweka kwake, kwa maana maadamu mbwa anabweka mtini, hayuko mlangoni. Aliponyamaza ndipo mtoto alipoanza kulia."

Nilimwuliza kwa nini hakuja kuniamsha. Akajibu, "Nilikuja mara mbili. Mara ya kwanza hukuwapo. Mara ya pili ulikuwa unakoroma, nikaona haya kumwamsha mgeni." Kisha akaongeza neno ambalo limekaa nami hata leo: "Mbwa simlaumu. Alikuwa akiita tangu saa moja. Nilimhurumia kwamba hakuwa na wa kumwitikia."

Nilitaka kuomba radhi, lakini maneno yaliyonijia yalikuwa madogo kuliko kosa. Mtoto alichungulia kutoka hemani, uso umevimba kwa kukesha. Hakunilaumu wala hakunitukana. Alisema, "Mjomba, mfunge kwa mnyororo."

Hapo hapo nililivunja hema langu, ingawa siku mbili za kukaa kwangu zilikuwa zimebaki nami nilikuwa nimekwisha kuzilipia. Nilifahamu kwamba mmoja wetu itampasa kuondoka, na haikuwa haki aondoke aliyekosewa. Niliondoka kabla ya chai, Simba amelala kiti cha nyuma, amechoka kama mtu aliyefanya kazi usiku kucha. Naye kweli alikuwa amefanya.

Siku ya tatu yake nilikuwa kwa daktari wa mifugo. Alipokwisha kumchanja mbwa nilimsimulia kisa chote, nikamwuliza dawa ya kubweka. Aliniambia kwamba kubweka si ugonjwa, bali ni lugha, na mtu hatafuti dawa ya lugha, hutafuta kuifahamu. Mbweko wa mgeni mlangoni hauwi sawa na mbweko wa hofu, wala mbweko wa upweke hauwi sawa na ule wa mchezo. Mbwamwitu, ambao ndio asili ya mbwa wetu, hubweka kwa nadra wakishakuwa wazima. Mbwa alizidisha kubweka alipokuwa mwenzi wa binadamu. Iko aina ya mbwa kutoka Kongo, waitwao Basenji, ambao hata leo hawabweki kama wengine, ila hutoa sauti kama ya kuimba. Tena mbwa husikia sauti nyembamba mno ambazo sikio letu halizifikii kabisa. Kwa hiyo usiku tunaouita kimya, kwake umejaa mazungumzo. Umtoe nyumbani, umfunge mahali pageni penye vishindo na harufu ngeni, umwache peke yake. Asipobweka yeye, nani abweke?

Nilipofikiri hayo, sheria za ule ubao wa langoni zilinijia moja moja, nikaona kwamba kila moja ilikuwa na mtu nyuma yake. Asiyemwacha mbwa peke yake humwondolea sababu ya kuita. Amfungaye vizuri humlinda mbwa na viboko, tena humlinda mtoto na hofu. Azoaye mavi humlinda ajaye na minyoo na uvundo. Nilikuwa nimezidhania sheria hizo kuwa adui wa raha yangu. Kumbe ndizo zilizoigawa raha ya mahali pale ili kila mtu apate fungu lake.

Na ile marufuku ya mbuga za taifa, ambayo watu wengi huiona kuwa ukali wa bure, sababu yake ni hii. Mwaka 1994, katika nyika za Serengeti nchini Tanzania, simba walionekana wakitetemeka, wakianguka na kufa. Ugonjwa uliowaua ni distempa, ambao ni ugonjwa wa mbwa. Wataalamu waliona kwamba asili yake ni mbwa wa vijiji vilivyo kandokando ya hifadhi. Walikufa yapata simba 1,000, yaani kiasi cha theluthi moja ya simba wa Serengeti, na ugonjwa ukaenea hata Maasai Mara, upande wetu wa mpaka. Fikiri jambo hilo: mnyama aitwaye mfalme wa nyika ameuawa na maradhi ya mnyama alalaye mlangoni petu. Mimi niliyemwita mbwa wangu Simba niliposikia habari hiyo niliona haya kwa jina lenyewe.

Kwa wanadamu hatari kubwa ni kichaa cha mbwa. Katika nchi yetu ugonjwa huu ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa pembezoni mwa Nairobi, nao haujaondoka. Shirika la Afya Duniani hutufundisha kwamba karibu watu wote wapatwao na ugonjwa huo huupata kwa mbwa, na kwamba katika kila watu kumi waumwao na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea kwa mtu, ugonjwa karibu hauna kupona. Lakini kabla ya hapo una kinga, na kinga hiyo imejulikana tangu Julai mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja huko Paris mvulana aliyeitwa Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa. Mvulana huyo alikuwa wa miaka tisa, rika la yule binti wa Naivasha, naye alipona. Basi ukiumwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo kama mkwaruzo. Na ikiwa wewe ndiwe mwenye mbwa, mchanje kila mwaka. Wataalamu wamehesabu kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mwaka 2014 Kenya iliweka mpango wa kuukomesha ugonjwa huu kwa watu ifikapo mwaka 2030. Mpango huo hautimizwi na serikali peke yake, hutimizwa na mtu mmoja mmoja anayeacha kusema "mwezi ujao."

Hati iliyolala ndani ya saraka yangu ilikuwa kitu kidogo sana. Lakini kama ningalikuwa nayo mkononi alfajiri ile, yule baba angalipata jibu la kumrudishia binti yake hemani. Sikuwa na jibu hilo, na mtoto akalala, ikiwa alilala, bila ya kulipata.

Sasa utaniuliza, Je, mbwa alifundishika? Alifundishika, ingawa kazi ilikuwa ndefu, maana ilinipasa kwanza kulifuta somo langu la zamani. Niliacha kumsifu kwa kubweka. Niliacha pia kumpigia kelele, kwa sababu mbwa abwekapo nawe ukapaza sauti, hudhani mmeungana katika kazi moja. Akibweka nilikwenda alipo, nikatazama anachokitazama, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Basi, Simba," na aliponyamaza, hata kwa kitambo kidogo, nilimpa kipande cha nyama. Siku za kwanza alinyamaza kwa muda wa kuhesabu mbili. Baada ya wiki akanyamaza kwa muda wa kuhesabu ishirini. Sikumpiga hata mara moja, maana mbwa apigwaye kwa ajili ya kubweka huongezewa hofu, na hofu ndiyo inayobweka. Kila jioni nilitembea naye mwendo mrefu, kwa kuwa mbwa aliyechoka hulala, na mbwa aliyeshinda amefungwa hukesha.

Kazi iliyokuwa ngumu zaidi ilikuwa ya kujifunza mimi. Nilikwenda kwa majirani zangu wa Nairobi, nyumba hata nyumba, nikawauliza kama mbwa wangu huwaudhi usiku. Wa kwanza alicheka akasema hapana. Wa pili alicheka akasema kidogo. Wa tatu, mama mmoja mzee, alinikaribisha ndani, akanipa kiti, akaniambia kwamba kwa miaka miwili amekuwa akilala chumba cha nyuma, ambacho ni jiko, kwa sababu chumba cha mbele kinatazama ua wangu. "Nilikuwa nangoja uulize, mwanangu," akasema. Miaka miwili! Nami usiku huo wote nilikuwa nikifungua dirisha na kusema, "Hodari!"

Baada ya mwaka mmoja nilirudi Naivasha pamoja na Simba. Safari hiyo nilichukua hati ya chanjo mfukoni, mnyororo imara, na kitambaa cha kulalia alichokizoea. Nilipofika, kabla ya kupiga hema, nilikwenda kwa majirani wa pande zote, nikawajulisha kwamba nina mbwa, nikawaambia hema langu ni lipi, na nikawaomba waniamshe saa yoyote wakisikia kelele. Nilikaa naye mchana na usiku. Rafiki zangu walipotaka kula pamoja nami, walikuja kwangu. Usiku viboko walitoka kama kawaida yao. Simba aliinua kichwa, akaguna, akabweka mara moja. Nami nilikuwa macho kabla ya mbweko wa pili. Nilinyosha mkono nikamgusa shingo, nikamwambia, "Basi." Akalaza kichwa chake juu ya kiganja changu, akanyamaza.

Usidhani, msomaji, kwamba nilipatwa na usingizi mwema usiku ule. Nililala vipande vipande. Hiyo ndiyo ada ya kuwa na mbwa, nami nilikuwa nimewalipisha watu wengine ada hiyo kwa miaka. Atakaye mlinzi na alipe zamu yake ya ulinzi. Asiyeweza kuilipa, mahali pengine na amwache mbwa nyumbani pamoja na mtu amjuaye, au asiwe na mbwa kabisa. Hakuna aibu katika kutokuwa na mbwa. Aibu iko katika kuwa naye na kumwachia jirani kazi ya kumsikia.

Yule binti wa Naivasha sikumwona tena. Kila niendapo ziwani hutazama hema la pembeni, labda atakuwapo, apate kuona kwamba neno lake lilisikiwa. Yumkini sasa amekwisha kuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari kama wewe. Deni ambalo mwenyewe hapatikani haliwezi kufutwa. Mdeni hulilipa kwa wengine, kidogo kidogo, kila usiku. Mimi nalilipa kwa mnyororo. Umetundikwa msumarini karibu na mlango wangu, na kila niushikapo husikia sauti ndogo ikisema, "Mjomba, mfunge kwa mnyororo."

Basi usiku wa leo, utakapolala, sikiliza. Akibweka mbwa, jiulize kwanza swali ambalo mimi nililijibu kwa uwongo kando ya moto: mbwa wa nani yule? Na ikiwa ni wako, usingoje abweke mara ya pili. Ondoka, ukamwitikie.